Unga Uliobaki Kwenye Mfuko

Kwa aliyekosa gazeti la juma lililopita, nitasema kwa kifupi, maana leo nina mengi ya kutubu. Mimi ni mwenye mashine ya kusaga nafaka, nyuma ya soko, katika mji unaoishi kwa jasho la wakulima. Mvua imetususia misimu mitatu. Wakulima hawana cha kuvuna, hawana cha kusaga, na mimi sina wa kunisalimia.

Watu huniita Mweupe kwa sababu ya unga ulionikaa kwenye nywele na kope kwa miaka kumi na minne. Mwaka huu narudi nyumbani mweusi kama nilivyozaliwa. Jina limebaki la kunicheka.

Nilishawaeleza jinsi nilivyouza pikipiki, jinsi nilivyogombana na mama mkwe mbele za watu, na jinsi mashine ilivyolala siku ishirini na mbili bila kunguruma. Niliishia asubuhi ile shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliposhusha magunia matatu ya mahindi mlangoni kwangu. Wengi mmeniuliza aliyatoa wapi wakati mji mzima hauna punje.

Leo nasema. Nilijua alikoyatoa, na nilijua kabla sijawasha mashine.

Shemeji ndiye mwenye duka la mbegu, na hapa mjini duka la mbegu ni hilo moja tu. Misimu mitatu hakuna aliyepanda, kwa hiyo hakuna aliyenunua. Mbegu zake zilikuwa zimejaa hadi darini.

Sasa, mbegu ya dukani si chakula. Hutiwa dawa ya kuua wadudu, halafu hupakwa rangi nyekundu ili mtu asije akajisahau akaichemsha. Shemeji alikuwa ameziosha. Alizisugua na majivu, akazianika, zikawa nyeupe za kupendeza. Lakini mimi nimeshika mahindi tangu nina ndevu tatu. Nilichukua konzi moja nikaigeuza. Kwenye kile kitako cha punje, pale inaposhikana na gunzi, palikuwa na wekundu kidogo, kama wa fizi ya mtoto.

"Shemeji," nikamwambia, "haya mahindi yametoka wapi?"

"Yametoka mbali."

"Mbali wapi?"

"Shemeji, wewe unasaga au unahoji? Gari linanisubiri. Kama huwezi, nitayapeleka kwa mwenzako wa barabarani."

Niliyamwaga yale mahindi kwenye mdomo wa mashine. Niliwasha. Siku ishirini na mbili sijausikia mlio ule, na nakiri mbele yenu kwamba nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Nilijidanganya kwamba ameyaosha vizuri, kwamba atayauza mbali, na kwamba walaji sitawajua sura zao. Hilo la sura ndilo lililonituliza kuliko yote.

Saa nne tulikuwa tumemaliza. Shemeji na dereva wakapakia unga kwenye lori, tayari kuupeleka kambi ya wajenzi wa barabara, mwendo wa saa mbili kutoka hapa.

Ningeishia hapo ningekuwa na dhambi moja. Lakini ninazo mbili, na ile ya pili ndiyo iliyonikamata.

Niwaeleze kidogo kazi yetu. Unga ukishasagwa hupulizwa na mashine, ukapita bombani, ukaingia kwenye mfuko mrefu wa kitambaa unaoning'inia kutoka darini. Mteja hukinga beseni lake chini, unga ukashuka. Lakini haushuki wote. Mwingine hubaki umeng'ang'ania kitambaa kwa ndani, na mwisho wa kazi mwenye mashine huchukua fimbo akaukung'uta mfuko, pu, pu, pu, ukadondoka kilo nzima, wakati mwingine mbili. Huo ni wa mteja. Ni haki yake.

Ukame ulipoingia msimu wa pili, niliacha kukung'uta. Niliwaambia wateja kitambaa kimechoka, kikipigwa kitachanika. Waliniamini, mtu wa miaka kumi na minne utamdhania nini? Jioni nikishafunga mlango, naukung'uta mwenyewe, napeleka nyumbani. Mke wangu alidhani wateja wananilipa kwa unga. Wanangu walikula hivyo misimu miwili.

Kwa hiyo siku ile, baada ya magunia matatu ya shemeji, mkono wangu ulifanya ulivyozoea. Sikuugusa mfuko. Ule unga wa mbegu ulibaki mle ndani, kilo mbili hivi, na mimi nikasahau kabisa kwamba haukuwa unga wa kuiba.

Ndipo akaingia mama mkwe.

Mama mkwe alikuja na beseni dogo la mahindi yake ya akiba. Hakunisalimia. Tangu ule ugomvi tulikuwa tunaongea kwa hasira, yeye akinitazama kama kitu alichokanyaga.

"Saga," akasema.

"Shikamoo, mama."

"Nimesema saga."

Nikasaga. Unga wake ukashuka. Nje shemeji akaniita nimsaidie kufunga turubai la lori, nikatoka. Sikukaa hata dakika kumi. Niliporudi, mama mkwe alikuwa anatoka na beseni kichwani, na mkononi ameshika mtandio wake umefungwa fundo kubwa. Alipita kwa mwanawe, akamuombea safari njema, akaenda zake. Lori likaondoka.

Mimi nikaingia ndani. Fimbo ilikuwa sakafuni, na mfuko ulikuwa umenywea, mwepesi, unapepea.

Alikuwa ameukung'uta!

La kwanza nililohisi ni hasira, mniamini. Nilisema kwa sauti, "Mama huyu amenidharau kazini kwangu!" Nikaokota fimbo, nikairudisha mahali pake. Halafu nikakumbuka kilichokuwa mle mfukoni.

Nikakaa juu ya gunia tupu.

Kwa sababu kwa mama mkwe ndiko waliko wanangu. Wasichana wawili, mmoja wa miaka tisa, mwingine kitinda mimba wa miaka mitatu. Tuliwapeleka huko kwa kuwa bibi yao ana akiba na sisi hatuna. Na ilikuwa karibu saa tano, saa ya bibi kupika uji.

Mtu mwingine angekimbia papo hapo. Mimi nilipiga simu. Mama mkwe akaikata. Nikapiga tena, akakata. Mara ya tatu akazima kabisa.

Kisha nikabaki nimekaa. Hili ndilo ninaloona aibu kuliko yote, na naliandika nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilikaa pale karibu nusu saa nikitafuta namna ya kuwaokoa wanangu bila kujitaja. Niseme kuna panya alikufa ndani ya mashine? Niseme dizeli imevuja? Nikisema ukweli, nitasema na kuhusu mbegu, na kuhusu mfuko, na mji huu hautanipa hata mahali pa kutema mate. Niliogopa watu kuliko nilivyoogopa sumu. Nusu saa, ndugu zangu.

Kilichoniinua ni mbuzi aliyepiga kelele nje. Nilidhani ni mtoto analia.

Nikakimbia.

Nilipita duka la shemeji, kufuli limening'inia. Nilipita kwa fundi cherehani ambaye zamani alishona midomo ya magunia mia kwa siku wakati wa mavuno. Alikuwa amelala juu ya meza yake. Saluni imefungwa, utaosha nywele za watu kwa maji gani? Mlangoni kwa kinyozi ndipo wamekaa wafanyabiashara wote wasio na biashara, wanamtazama kinyozi akimnyoa mtu kavukavu, na mtu mwenyewe analalamika.

"Mweupe!" kinyozi akaniita. "Mbona mbio? Mvua imeonekana?"

Wakacheka. Nilikuwa nampigia mke wangu simu huku nakimbia, na sasa niliisikia inalia humo humo ndani kwa kinyozi.

"Hiyo ni ya mama watoto wako," kinyozi akasema. "Aliiacha hapa nimchajie. Yuko kwenye foleni ya maji tangu alfajiri. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Mtu hakimbii jua hili kwa ajili ya hakuna kitu."

Nikaendelea kukimbia.

Nilipofika uani kwa mama mkwe, niliona moshi. Sufuria ilikuwa juu ya mafiga, uji unatokota, na wanangu wamekaa mbele yake kila mmoja na bakuli mapajani. Kitinda mimba alikuwa ameshashika kijiko. Mama mkwe alikuwa ameinama na upawa, anaanza kuteka.

Sikusema neno. Niliipiga ile sufuria teke.

Uji wote ukamwagika majivuni. Kitinda mimba akaangua kilio. Yule mkubwa akasimama, akanitazama, akasema polepole, "Baba ameumwaga uji."

Mama mkwe alinyoosha mgongo. Sijawahi kuona mtu ananyoosha mgongo taratibu namna ile.

"Mkwe," akasema, "umerogwa au umelewa?"

"Mama, wamekula? Niambie, wameonja?"

"Hawajaonja, na sasa hawataonja! Hicho ndicho kilikuwa chakula chao mpaka kesho! Mimi mwenyewe sijatia kitu mdomoni tangu jana!"

Nikapiga magoti. Nililia kwa furaha, nikawakumbatia wanangu ingawa walinisukuma. Nikasema, "Mama, nisamehe. Ule unga uliokung'uta kwenye mfuko ulikuwa mbaya. Panya..."

"Unga gani wa mfuko?"

"Ule uliopikia uji."

Akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Mpumbavu wewe. Huu ulikuwa unga wangu, mahindi yangu. Ule wa mfuko sikuuchanganya na kitu. Kilo mbili, mkwe! Kutoka kwenye beseni langu hili dogo zibaki kilo mbili? Pale pale nikajua unawaibia watu. Nikaufunga kwenye mtandio uwe ushahidi."

"Uko wapi?"

"Nimempelekea mke wako kisimani. Nimemwambia, mwanangu, hiki ndicho mumeo anachokulisha. Amelia mpaka nikamhurumia. Halafu akaniambia, mama, niachie, nitawarudishia wenyewe."

"Atawarudishia akina nani?"

"Si wale uliowaibia! Wote wamejipanga foleni hapo, anawajua mmoja mmoja."

Nilishika ukuta.

"Mama," nikasema, "si panya. Ule unga ni wa mbegu. Mbegu za dawa."

"Mbegu za nani?"

Hakungoja jibu. Nilimwona anafikiri. Nilimwona anakumbuka lori, na turubai, na mwanawe aliyemuombea safari njema. Aliketi palepale juu ya kuni, upawa bado mkononi.

"Toka hapa," akasema kwa sauti ndogo. "Toka, kimbia."

Kisima cha pampu kiko upande wa pili wa soko. Nilifika nikiwa siwezi kuhema. Madumu yalikuwa yamepangwa mstari mrefu, ya njano na ya bluu, na kila dumu lina mwenyewe kando yake, kwa sababu ukitoka kwenye foleni umepoteza nafasi. Hilo ndilo jambo moja jema la ukame wetu. Hakuna aliyekuwa amekwenda nyumbani kupika.

Niliwaona. Wanawake tisa, wote wateja wangu. Mwenye saluni, dobi, muuza chai, mke wa mfyatua matofali, na wengine. Biashara zao zote zinakula maji, na zote zimekufa. Kila mmoja alikuwa na fundo dogo la unga, wengine kwenye pindo la nguo, mmoja ndani ya kopo la maziwa. Mke wangu alikuwa mbele karibu na pampu, amekaa juu ya dumu lake, ametazama chini.

Dobi aliniona wa kwanza.

"Haya, mwizi wetu huyo!"

"Sikilizeni," nikasema. "Jamani, nisikilizeni. Huo unga msiule."

Muuza chai akaangua kicheko.

"Anautaka tena!"

Wote wakacheka. Walicheka kicheko cha watu ambao hawajacheka siku nyingi, wakashikana mabega.

"Si hivyo!" nikapaza sauti. "Una sumu! Ni mbegu, mbegu za dukani zilizooshwa. Nimezisaga leo asubuhi kwa mikono yangu. Mwageni!"

"Mbegu zilizooshwa," akasema mwenye saluni, mkono kiunoni. "Na wewe, mtaalamu wa mahindi, ukazisaga?"

"Nilizisaga."

"Ukijua ni sumu?"

Nikisema nilijua, mimi ni muuaji. Nikisema sikujua, sasa nimejuaje?

"Mnaona?" akasema. "Hana jibu. Miezi yote hii ananiambia kitambaa kimechoka, dada, kitachanika. Leo mkewe katurudishia haki yetu, yeye kaja na hadithi ya sumu. Mweupe, nenda nyumbani."

"Naapa kwa wanangu!"

"Hao hao uliowalisha unga wetu?"

Mke wa mfyatua matofali alikumbatia fundo lake kifuani kwa mikono miwili, kana kwamba ningemrukia. Ana watoto watano. Nilimwona akihesabu moyoni vijiko vya uji. Nilipiga hatua moja kumwelekea na wanaume waliokuwa kwenye foleni ya pili wakasimama.

Nilikuwa nimesema ukweli kwa mara ya kwanza baada ya misimu miwili, na hapakuwa na hata mmoja wa kuuchukua.

Nikamgeukia mke wangu. Nikajua akisema yeye watasikia, kwa kuwa yeye wanamheshimu. Nilichuchumaa mbele yake.

"Mama watoto, niamini mimi leo tu. Waambie waumwage. Ni mbegu za mdogo wako. Niliona rangi. Nilisaga nikijua, ndiyo, nilijua. Waambie."

Aliinua uso. Midomo yake ilikuwa na weupe wa unga pembeni.

"Unasema kweli?"

"Kweli tupu."

"Usinidanganye na hili."

"Sikudanganyi. Mbona mdomo wako una unga?"

Alipitisha kiganja mdomoni, akakitazama.

"Hawakutaka kupokea," akasema. "Walisema kitu kinachotoka nyumbani kwa mwizi hakiwezi kuwa kizuri. Wakaniambia nile mimi kwanza mbele yao. Nikakoroga kwa maji ya pampu. Nimekunywa kikombe kizima."

"Saa ngapi?"

"Si muda mrefu. Labda nusu saa sasa."

Nusu saa. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia natafuta uongo wa kusema.

Nilimshika mikono yake, ilikuwa ya baridi kwenye jua lile, na imelowa jasho. Nikamuuliza unajisikiaje. Akasema tumbo linamsokota tangu kitambo, lakini alidhani ni hasira. Akajaribu kusimama. Dumu likateleza, likaanguka, na yeye akaegemea nguzo ya pampu, akainama, akatapika.

Alitapika mara mbili. Mate yalimtoka bila kukatika, na mikono ikaanza kumtetemeka, kwanza vidole, kisha mpaka mabegani.

Hakuna aliyecheka tena. Walikuwa wanamtazama yeye, si mimi.

Mke wa mfyatua matofali ndiye aliyeanza. Alifungua fundo lake kwa meno, akaumwaga unga chini. Alilia kwa sauti huku anaumwaga. Kisha dobi. Kisha muuza chai na kopo lake. Mwenye saluni alikuwa wa mwisho, na baada ya kuumwaga aliufukia vumbini kwa mguu mpaka ukapotea. Hapo ndipo waliniamini.

Mkokoteni wa maji ulikuwa karibu. Tulimlaza juu yake, wanaume wawili wakasukuma, mimi nikamshikilia kichwa. Njia nzima aliniuliza kitu kimoja tu, "Watoto hawajala?" Nikamwambia hawajala, nimeupiga uji teke. Akasema, "Vizuri." Sijawahi kusifiwa na mke wangu kwa uchungu namna ile.

Zahanati yetu ina chumba kimoja cha wagonjwa na muuguzi mmoja, mama mfupi asiyepoteza maneno. Alimgeuza ubavu, akamfungua kope, akamulika tochi.

"Amekunywa nini?"

"Unga wa mbegu za mahindi. Zilikuwa na dawa."

"Dawa gani?"

"Hiyo... dawa ya mbegu. Ile nyekundu."

"Nyekundu ni rangi tu, baba. Nakuuliza dawa yenyewe. Ziko nyingi, na kila moja ina tiba yake. Ninayo sindano moja hapa. Kwa dawa nyingine inaokoa, kwa nyingine nitakuwa nimempotezea muda, au nimemuongezea. Nataka mfuko ulioandikwa. Mfuko wa mbegu uko wapi?"

"Kwa mwenye duka."

"Kamlete. Au mpigie, akusomee. Upesi."

Mke wangu alikuwa ananitazama kitandani. Sidhani kama alikuwa ananiona.

Duka la shemeji lina mlango wa chuma na ufunguo anao mwenyewe, kwa hiyo nikampigia. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na kichupa cha ile sindano yake, hajakivunja. Mara ya tatu akapokea. Nyuma ya sauti yake nilisikia injini ya lori na chuma kikigongana.

"Shemeji, vipi? Niko njiani, mtandao mbaya."

"Ile mbegu, mifuko yake imeandikwa nini? Jina la dawa. Nisomee jina la dawa!"

"Mbegu gani?"

"Usinifanyie hivyo! Ile tuliyosaga asubuhi!"

"Mimi nimesagisha mahindi," akasema, na sauti yake ikawa ya mtu anayeongea akisikilizwa. "Mahindi ya chakula. Wewe mwenyewe uliyaona. Wewe ndiye mtaalamu."

"Shemeji, mtu amekunywa unga ule. Anakufa."

"Mimi sijui habari hiyo. Nikate simu?"

"Ni dada yako!" nikapiga kelele mpaka muuguzi akashtuka. "Ni dada yako aliyekunywa! Yuko hapa zahanati, mikono inatetemeka, anatokwa na povu! Nitajie jina la dawa, na urudi na huo unga!"

Hakukata. Nilisikia anahema, karibu kabisa na sikio langu.

Kisha nikasikia sauti ya dereva, ya mbali kidogo, ikimuuliza, "Vipi, bosi? Nisimame?"

Nilisubiri. Muuguzi alisubiri. Shemeji hakumjibu, na lori liliendelea kunguruma. Kwa leo naishia hapo.